Mlima mwekundu ukigeuka kijivu: kupiga picha nyeusi na nyeupe mashambani Vermont

Swali: Mimi ni mtu wa Bukavu, sasa naishi Winooski, jimbo la Vermont, Marekani. Kila Oktoba majani yanapobadilika rangi natoka na kamera kupiga picha za mashamba, mabanda ya ng'ombe na milima. Picha za rangi zinatoka vizuri. Lakini ninachopenda hasa ni picha nyeusi na nyeupe, na kila nikiondoa rangi kwenye kompyuta mlima mzima unakuwa kijivu kimoja, hakuna mti unaoonekana. Kamera yangu ni ya kawaida, na lenzi ni ile ya milimita 18-55 iliyokuja nayo. Je, kasoro ni kamera, au majira haya hayafai kwa picha za aina hii? Na ninunue filta gani?

Jibu:

Ndugu yangu, kamera yako haina kosa lolote, na kwa macho yangu hakuna majira yanayofaa picha nyeusi na nyeupe kuliko hayo ya mapukutiko. Kinachokuangusha ni hesabu inayofanywa na programu unapobonyeza kitufe cha kuondoa rangi. Ukishaielewa hesabu hiyo, nusu ya tatizo imekwisha. Nusu ya pili ni kubadilisha unachokitafuta unapotoka nyumbani, na hiyo ndiyo nitakayoiongelea zaidi.

Tuanze na hesabu. Kila nukta ya picha ya kidijitali imebeba namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Kupata kijivu, programu nyingi huchukua kiasi cha asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya bluu, kisha hujumlisha. Kijani kimepewa uzito mkubwa kwa sababu jicho la binadamu linahisi mwanga wa kijani kuliko rangi nyingine.

Sasa chukua jani la mepo (maple kwa Kiingereza) lililokolea wekundu. Tuseme lina 180 za nyekundu, 50 za kijani na 30 za bluu. Ukipiga hesabu unapata kijivu cha 87. Nyuma yake pamesimama msonobari ambao bado ni kijani, tuseme 70, 100 na 40. Huo unatoka 84. Macho yako yaliona wekundu unaowaka mbele ya kijani kizito. Kwenye picha kuna 87 na 84, na hakuna mtu atakayetofautisha hizo mbili. Ongeza jani la rangi ya machungwa, 210, 110 na 40: ni 132. Anga la bluu nyuma yake, 110, 150 na 210: ni 145. Hapo tena vitu viwili vilivyokuwa vinapigana kwa rangi vimekaa pamoja kwa amani katika kijivu. Ni jani la njano peke yake linalojitetea. Lenye 220, 180 na 50 linatoka 178, jeupe kabisa ukilinganisha na wenzake.

Hapo ndipo mlima wako unapopotelea. Vermont inasifika kwa mepo, na mepo nyingi hukolea kwenye wekundu na machungwa. Njano iliyomo kwenye majani ilikuwepo tangu mwanzo, imefunikwa tu na kijani. Klorofili inapovunjika kwa baridi na siku kuwa fupi, njano inajitokeza. Wekundu ni kitu kipya ambacho mti unakitengeneza wakati huohuo wa mwisho. Kwa mpiga picha tofauti hii ni ya kazi: miti ya njano, kama bachi (birch) yenye gome jeupe, itang'aa bila msaada. Miti myekundu lazima uisaidie.

Namna ya kuisaidia

Usitumie kitufe cha kuondoa rangi. Piga kwa faili la RAW, yaani faili ghafi linalobeba taarifa zote za sensa, kisha kwenye programu fungua sehemu ya nyeusi na nyeupe yenye vitelezi vya rangi, yaani vidhibiti vya kusogeza kushoto na kulia, kila rangi na chake. Humo ndimo unapoamua mwenyewe nyekundu iwe kijivu gani na bluu iwe kijivu gani. Rudi kwenye mfano wetu: ukiitazama namba ya nyekundu peke yake, jani la mepo ni 180 na msonobari ni 70, jani la machungwa ni 210 na anga ni 110. Tofauti yote uliyoiona kwa macho imerudi. Hivyo pandisha nyekundu na machungwa kidogokidogo, shusha bluu kidogo, na utaona miti ikitoka mmoja mmoja kwenye mlima. Hata simu nyingi za siku hizi zinaweza kupiga RAW, na programu za bure za simu huwa na filta za rangi kwa ajili ya picha nyeusi na nyeupe.

Jambo la pili, weka kamera yako katika hali ya monokromu huku ukiendelea kuhifadhi RAW. Kioo cha nyuma kitakuonyesha picha isiyo na rangi, lakini faili litabaki na rangi zake zote kwa kazi ya baadaye. Katika menyu hiyohiyo kamera nyingi zina filta za njano, machungwa, nyekundu na kijani. Jaribu zote mbele ya banda moja ujifunze kwa macho. Utaacha kudanganywa na rangi ukiwa bado shambani, na hiyo ni faida kubwa kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Kwa hiyo swali lako la filta nalijibu hapa: filta ya rangi ya kufunga mbele ya lenzi, usinunue. Hizo ni za filamu. Kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe filta ya njano hula kiasi cha stopu moja ya mwanga (kupunguza stopu moja ni kubakiza nusu ya mwanga, kuongeza moja ni kuuzidisha mara mbili), nyekundu hula kama tatu, na hakuna kurudi nyuma ukishapiga. Kwenye sensa ya rangi filta nyekundu inatupa karibu taarifa zote za kijani na bluu, unabaki na picha mbovu ya kitu ambacho ungekipata kwa kitelezi. Filta moja tu ndiyo yenye thamani kwako, ile ya polaraiza. Inaondoa mng'ao wa mwanga juu ya majani yaliyolowa na maji, kitu ambacho hakuna programu itakayokifanya sawasawa. Inakula stopu moja na nusu hadi mbili. Kipenyo chake kimeandikwa kwenye pete ya mbele ya lenzi yako, baada ya alama ya duara lililokatwa na mstari.

Vitelezi navyo vina hatari zake. Ya kwanza ni mabanda. Mabanda mengi ya kule yamepakwa rangi nyekundu, na ukipandisha nyekundu ili kuokoa mepo, banda nalo linapauka hadi linafanana na karatasi. Kama banda ndilo moyo wa picha, fanya kinyume: shusha nyekundu, liache liwe zito na jeusi, miti ya njano iliyolizunguka ibebe mwanga. Ya pili ni anga. Kushusha bluu sana kunaleta anga jeusi lenye chengachenga, na pembeni ya kila tawi unatokea mstari mweupe wa uongo. Watu wanapenda anga hilo la tufani kwa sababu linashtua haraka. Mimi silipendi. Mchana mtulivu wa Oktoba hauna tufani, na picha inayosema uongo kuhusu hali ya hewa huanza kusema uongo kuhusu mengine yote.

Mwanga wa huko si wa kwetu

Wewe umekulia Bukavu, karibu na ikweta, na macho yako yamezoea jua linalopanda wima. Kwetu mpiga picha ana saa moja nzuri asubuhi na nyingine jioni. Katikati ya mchana jua la Oktoba linakuwa karibu utosini na kivuli kinajificha chini ya miguu. Vermont iko kwenye latitudo ya takriban digrii 44 kaskazini. Katikati ya Oktoba, saa sita mchana, jua halifiki hata digrii 40 juu ya upeo wa macho. Maana yake ni kwamba siku nzima, kuanzia linapochomoza kama saa moja asubuhi hadi linapozama kama saa kumi na mbili jioni, mwanga unakuja kwa ubavu. Kila jiwe lina kivuli, kila mfereji wa shamba unaonekana, mbao za banda zinaonyesha mishipa yake. Huo ni utajiri ambao picha nyeusi na nyeupe inauhitaji kuliko chakula, na wewe unaupata hata saa nane mchana.

Ninaona wengi wanaotoka ukanda wetu wakipiga picha huku jua likiwa mgongoni, kama tulivyofundishwa utotoni kwenye picha za familia. Kwa rangi inafaa, majani yanawaka. Kwa nyeusi na nyeupe ndiyo nafasi mbaya kuliko zote, maana kivuli chote kimejificha nyuma ya kitu. Zunguka. Liweke jua ubavuni, na mara nyingine liwe mbele yako, limefichwa nyuma ya shina. Jani la mepo ni jembamba; mwanga ukilipenya kwa nyuma linang'aa lenyewe, jekundu au njano, na mishipa yake inaonekana kama imechorwa kwa kalamu. Hapo hesabu ya 87 na 84 haina nguvu tena, kwa sababu sasa jani lina mwanga mara nyingi zaidi ya msonobari ulio nyuma yake kivulini. Kinachotakiwa ni kutafuta giza la kuliweka nyuma: misonobari, mlango wa banda ulio wazi, bonde ambalo jua bado halijalifikia.

Mfano mkubwa wa hili ni picha ya Ansel Adams, mpiga picha mashuhuri wa mandhari wa Marekani, ya miti ya aspeni huko kaskazini mwa New Mexico, aliyoipiga mwaka 1958 majani yakiwa yamegeuka njano. Itafute uikodolee macho. Mti mdogo ulio mbele unang'aa majani yake kama taa, mashina membamba yamesimama meupe, na nyuma ni giza tupu. Anayeitazama hahisi kwamba kuna rangi iliyopungua. Adams hakupiga rangi ya majira. Alipiga mwanga wa majani dhidi ya giza la msitu, na rangi ya njano ilikuwa msaada wake tu, kwa sababu njano huzaa kijivu cheupe.

Kisha kuna ukungu. Wewe wa Kivu huhitaji kufundishwa ukungu wa milimani, lakini wa Vermont una ratiba unayoweza kuitegemea. Usiku ukiwa mkavu, wenye nyota na bila upepo, hewa baridi inashuka mabondeni, na maji ya mto bado yana joto la kiangazi. Asubuhi bonde la mto Winooski, na lile la mto Connecticut upande wa mashariki, yanajaa ukungu hadi jua litakapoukausha. Panda kilima kidogo ukae juu yake. Ukungu unafanya kazi ambayo vitelezi haviwezi: unatenga vitu kwa umbali. Mti wa karibu ni mweusi, wa pili ni kijivu, wa tatu ni kivuli tu, na banda la mbali linaelea. Kipimo cha mwanga cha kamera kitakudanganya hapo, kwa sababu kinadhani kila kitu duniani ni kijivu cha kati. Ukungu wako utatoka mchafu. Ongeza stopu moja, na uangalie histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa mwanga kwenye kamera, isigonge ukuta wa kulia.

Na mvua isikurudishe ndani. Zaidi ya nusu ya barabara za Vermont ni za udongo na changarawe, na barabara ya udongo iliyolowa inabeba mwanga wa anga hadi ndani kabisa ya picha. Mashina ya mepo yaliyolowa yanakuwa meusi ti, gome la bachi linabaki jeupe. Siku za mawingu mazito ndizo zenye kijivu kingi na kitamu, na hazina vivuli vikali vya kupigana navyo. Lakini acha anga nje ya fremu, au liache kipande kidogo tu. Anga jeupe lisilo na kitu linavuta jicho kuliko shamba lenyewe.

Subiri majani yaanguke

Sasa nafika kwenye jambo ninalolishikilia kuliko yote niliyoandika hapo juu. Rangi inaanza kukolea upande wa kaskazini mashariki mwa jimbo mwishoni mwa Septemba, inashuka hadi bonde la Champlain kwenu kufikia katikati ya Oktoba, halafu magari ya watalii yanaondoka. Watu wa kule wanauita muda unaofuata msimu wa vijiti, na wengi wanauona kama pengo kati ya majani na theluji. Kwa picha nyeusi na nyeupe mavuno yanaanza hapo. Milima iliyokuwa imefunikwa blanketi la majani inaonyesha mifupa yake: matawi, miamba, vijito, nyumba ambazo hukujua zipo. Jani lilikuwa linakuficha kila kitu hicho.

Kimojawapo ni kuta za mawe. Ingia msituni popote mnamo Novemba utakuta kuta za mawe, za kufika kiunoni, zinapita katikati ya miti kama hazina maana. Maana yake ni kwamba hapo palikuwa shamba. Katika karne ya 19 wakulima wa Vermont walifyeka sehemu kubwa ya misitu, hasa kwa ajili ya kondoo wa merino walioletwa kutoka Ureno na William Jarvis mwaka 1811. Mawe yaliyotolewa kwenye udongo yakapangwa kuwa kuta. Baadaye biashara ya sufu ikaanguka, watu wakahamia magharibi, na msitu ukarudi. Leo unafunika takriban robo tatu ya jimbo. Ukipiga ukuta huo katika mwanga wa ubavu, na mti mnene umeota juu yake, umepiga historia ya ardhi ile bila maandishi. Wewe na mimi tunatoka mahali ambapo mashamba yanazidi kupanda milimani. Mlima ulioachiwa msitu urudi ni kitu ambacho jicho letu litakiona upesi kuliko jicho la mwenyeji aliyezaliwa nacho.

Tafuta pia miti ya bichi (beech). Miche ya bichi haiachii majani yake hata baada ya miti mingine yote kupukutika. Yanakauka, yanapauka, yanabaki yananing'inia hadi wakati wa baridi kali. Katika msitu wa mashina meusi, mche mmoja wa bichi unaonekana kama umewashwa. Huhitaji kitelezi, huhitaji jua. Ukiwa na 55 mwisho wa lenzi yako na tundu la lenzi la f/8, sogea karibu, acha msitu wa nyuma ulainike kidogo.

Na tafuta mabua ya mahindi. Mashamba ya ng'ombe wa maziwa ya Vermont hulima mahindi ya kukatwa mazima na kusindikwa kuwa chakula cha mifugo, na kufikia Oktoba mashine zimeshapita. Kinachobaki ni visiki vya mabua, vifupi, vimepangana kwa mistari hadi upeo wa shamba. Nenda asubuhi baada ya usiku wa sakitu, yaani umande ulioganda, jua likiwa limechomoza muda mfupi tu uliopita. Piga magoti kwenye ukingo wa shamba, kamera iwe chini usawa wa visiki. Kila kisiki kimekatwa kwa mshazari na kwenye ukingo wa mkato pameganda fuwele ndogo za barafu, nyeupe, zimesimama kama chumvi. Upande wa jua kisiki kinang'aa. Upande mwingine kina kivuli kirefu, na ndani ya kivuli hicho sakitu bado haijayeyuka, kwa hiyo una mstari mweupe wa barafu pale ulipotegemea giza. Ndani ya muda mfupi jua likipanda kila kitu kinageuka maji na udongo mweusi. Lenga theluthi ya kwanza ya shamba, tumia f/11, na usiende zaidi ya f/16 maana ukali wa picha unaanza kupungua kila mahali.

Jirani yako wa kihistoria angekuelewa hapo. Jericho, kijiji kisicho mbali na Winooski, aliishi mkulima aitwaye Wilson Bentley, ambaye Januari 1885 aliunganisha kamera na hadubini na kupiga picha ya punje moja ya theluji. Aliendelea na kazi hiyo hadi kifo chake mwaka 1931 na kuacha picha zaidi ya 5,000 za punje za theluji, zote nyeusi na nyeupe, pamoja na picha za sakitu na umande. Alikuwa anakamua ng'ombe kama majirani zake. Ukitaka kujua mkulima anaona nini kwenye shamba lake akiangalia kwa karibu, anza na huyo. Mwingine ni Paul Strand, aliyepiga picha Vermont katika miaka ya 1940: mbao zilizochakaa kwa hali ya hewa, milango, nyuso za wazee wa vijijini. Hakufuata mandhari ya kadi za posta, na kazi yake ya huko haijachakaa.

Kuhusu kipimo cha mwanga na vifaa, kwa kifupi

Kwenye kidijitali linda sehemu nyeupe. Kivuli cheusi kinaweza kufufuliwa kutoka RAW, lakini gome la bachi lililoungua kwa mwanga halirudi. Tumia stendi ya miguu mitatu asubuhi na jioni, na kumbuka kwamba stendi haizuii upepo kutikisa majani: shata ikikaa wazi kwa muda mrefu kuliko sehemu 1/60 ya sekunde majani yanaanza kufutika, hivyo ni afadhali upandishe ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) hadi 800 kuliko kurudi na picha ya miti iliyolewa. Chengachenga kidogo haziidhuru picha nyeusi na nyeupe. Zipo kamera zilizotengenezwa kwa nyeusi na nyeupe tu, Leica ilitoa yake ya kwanza ya kidijitali mwaka 2012 na Pentax ikatoa yake mwaka 2023, lakini hizo zinakunyang'anya vitelezi vya rangi, na kwa majira haya vitelezi ndiyo mkono wako wa kulia. Baki na uliyonayo.

Lenzi ya 18-55 inatosha. Ninachokuomba ni uache kutumia 18 kila mara. Upana mwingi unaleta barabara kubwa, anga kubwa, na mlima mdogo katikati. Kwenye 55 unakata kipande cha mlima: banda, mstari wa miti, ukuta. Picha nyeusi na nyeupe inapenda vitu vichache.

Watu wa huko

Shamba lina mwenyewe. Kule Pomfret kuna shamba moja la binafsi ambalo picha zake zilisambaa mno mitandaoni, watu wakajaa barabarani, wakakanyaga viwanja na kuziba njia, hadi mwaka 2023 mji ukafunga barabara hiyo kwa wageni wakati wa kilele cha majani. Usiwe sehemu ya msururu huo. Isitoshe, picha iliyokwisha kupigwa na maelfu kutoka pembe ileile haina haja nawe. Chagua barabara moja ya udongo iliyo karibu na kwako, ambayo utaweza kuirudia kabla ya kazi, na uizoee tangu majani yakiwa kijani hadi theluji ya kwanza.

Ukitaka kuingia shambani, bisha hodi na uombe. Mkulima akiwa kwenye kazi ya kukamua, subiri amalize. Jitambulishe, sema unapiga picha nyeusi na nyeupe za mabua au za ukuta wake, na mwonyeshe moja kwenye kamera. Nakuambia hivi nikijua kwamba si kila mtu mweusi anajisikia salama kusimama na kamera kwenye ardhi ya mtu vijijini Marekani. Kubisha hodi mchana, na kwenda na mwenzako mara ya kwanza, kunasaidia sana. Ukishafahamika, mkulima mwenyewe ndiye atakayekuambia ukungu unakaa wapi. Picha ikitoka vizuri mchapie moja, saizi ya sentimita 20 kwa 25 inatosha, kwenye karatasi isiyong'aa, umpelekee. Karatasi ya aina hiyo inabeba vijivu vya kati vizuri, na wewe mwenyewe utaona kwenye chapa makosa ambayo kioo cha kompyuta kilikuficha: kivuli kilichoziba, anga lililosukumwa mno.

La mwisho ni la usalama. Msimu wa kuwinda paa kwa bunduki Vermont unaanza katikati ya Novemba na kuendelea kwa siku 16, wakati uleule ninaokutuma msituni kutafuta kuta na bichi. Vaa kizibao na kofia ya rangi ya machungwa inayong'aa, hata ukiwa kando ya barabara tu, na mbwa naye umvalishe. Epuka kuingia msituni alfajiri na magharibi katika siku hizo. Hizo ndizo saa za wawindaji. Tangu mwanzoni mwa Novemba saa zinarudishwa nyuma na jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo ukitoka kazini saa kumi hutawahi mwanga. Panga Jumamosi na Jumapili zako mapema, uende mashamba ya wazi upande wa Addison, karibu na hifadhi ya Dead Creek. Bata bukini weupe wanaohama kutoka kaskazini hutua huko kwenye mashamba yaliyovunwa, weupe wao juu ya udongo mweusi na mabua, na kwa hao hutahitaji kugusa kitelezi chochote.